Nishati ya Bure na Shahidi wa Kioo

Neno bure lina nyuso mbili katika Kiswahili. Kilichopatikana bure ni kile kisicholipiwa. Aliyehangaika bure ni yule aliyerudi mikono mitupu. Lugha imezilaza maana hizo mbili kitanda kimoja, na msikilizaji huzitenganisha kwa muktadha tu. Suala la nishati ya bure limekaa hapo hapo katikati, na kwa karne nyingi watu wenye akili timamu, mafundi hodari miongoni mwao, wameingia kwa mlango wa maana ya kwanza wakatokea kwa mlango wa maana ya pili.

Nishati inayokusudiwa hapa si ya jua wala ya upepo. Jua halileti ankara, lakini linachotoa hulitoa kwa kujila lenyewe. Na upepo ni mtoto wa jua. Kinachosakwa ni kitu kingine kabisa: chombo kitoacho zaidi ya kinachopokea, kisichokopa popote, kizungukacho au kiwakacho daima dumu. Bhaskara, mwanahisabati wa Bara Hindi wa karne ya 12, alieleza gurudumu lenye mirija iliyotiwa zebaki, ambalo lingezunguka lenyewe. Villard de Honnecourt, Mfaransa wa karne ya 13, alichora gurudumu lililoning'inizwa nyundo kwa hesabu ya witiri. Leo magurudumu yamepisha koili, sumaku na transista. Na la ajabu ni kwamba, aghalabu, hata hizo hazinunuliwi. Saketi huchorwa ndani ya kompyuta kwa programu ya kuigiza umeme, mchoraji akabonyeza kitufe, na juu ya kioo ukaonekana mstari wa nishati inayotoka ukipanda na kuupita mstari wa nishati iliyoingia. Hapo husemwa: imethibitika.

Suali linalozuka si la fizikia peke yake. Ni suali la ushahidi na la dhamiri: mtu ana haki gani ya kuamini jambo aliloonyeshwa na chombo alichokilisha mwenyewe? Kwani kioo, kwa Kiswahili, ni kile cha kompyuta na ni kile cha kujitazamia pia.

Programu za namna hiyo, nyingi kati yake, ni za ukoo mmoja. Mwaka 1973 Laurence Nagel, mwanafunzi wa Profesa Donald Pederson katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitoa programu iliyoitwa SPICE. Haja yake ilikuwa bayana. Saketi zilikuwa zimeanza kuchongwa kwa wingi ndani ya vipande vidogo vya silikoni, na kosa lililokwisha kuchongwa humo halifumuliki kama mshono wa kanzu. Ilibidi saketi ijaribiwe kabla ya kuwapo. Pederson alishikilia kwamba programu hiyo igawiwe kila aitakaye, na ikagawiwa. Huenda hicho ndicho kitu pekee kilichotolewa bure kweli kweli katika kisa hiki chote.

Msingi wa kazi yake ni mkongwe zaidi. Mwaka 1845 Gustav Kirchhoff, kijana wa miaka 21, alieleza kanuni mbili: mkondo wote unaoingia katika fundo la nyaya ndio huo huo unaotoka; na volti ukizijumlisha kwa kuzunguka njia yoyote mpaka kurudi ulikoanzia, jumla yake ni sifuri. Programu huziandika kanuni hizo kwa kila fundo la saketi, kisha hutafuta namba zinazozitii zote kwa pamoja. Mwaka 1952 Bernard Tellegen, mhandisi wa Uholanzi, alionyesha kinachofuata: popote kanuni hizo mbili zinapotiiwa, jumla ya nguvu za viungo vyote vya saketi, kinachotoa na kinachopokea, ni sifuri kila nukta ya wakati. Mfano wake ni upatu. Mama anayepokea leo amepokea kilichotoka katika mikono ya wenziwe; hakuna mwezi ambao fedha ilizaliwa ndani ya kikao. Ikionekana imezidi, basi mmojawapo ametia zaidi, au mwenye daftari amekosea kuandika.

Kwa hiyo saketi ya kuigizwa haiwezi, katika mkutano wa viungo vyake, kuzaa kitu. Kila wati lililozidi lina mwenyewe, na huyo anaweza kuulizwa kwa jina.

Mahali linapojificha mara nyingi ni katika wakati wenyewe. Wakati wa dunia hutiririka. Wa kompyuta umekatwa vipande. Programu huijua hali ya saketi katika nukta hii, kisha huruka hadi nukta ijayo, na kati ya nukta na nukta inakisia. Njia nyepesi ya kukisia ni ile inayopewa jina la Leonhard Euler, mwanahisabati wa karne ya 18: tazama unakoelekea hapa ulipo, kisha nenda moja kwa moja kana kwamba njia haina kona. Na amfikirie msomaji nahodha anayezunguka kisiwa cha duara, ambaye hupanga omo yake sambamba na ufuo, akafumba macho, akaenda mstari mnyoofu kwa muda, akafumbua, akapanga tena. Kila akifumbua macho hujikuta mbali kidogo zaidi na nchi kavu. Hakukusudia kwenda bahari kuu; kona alizozipuuza ndizo zilizompeleka.

Koili na kapasita zilizofungwa pamoja, bila ya ukinzani wowote, hufanya mzunguko wa namna hiyo hiyo. Nishati hubembea: mara imo katika chaji ya kapasita, mara imo katika sumaku ya koili, ikirejea vile vile ilivyokuwa, haipungui wala haizidi. Hivyo ndivyo nadharia isemavyo. Mzunguko mmoja ukigawiwa hatua 100 na kukadiriwa kwa njia ya Euler, nishati iliyoanza ikiwa 100 inakuwa 148 mwisho wa mzunguko wa kwanza, na baada ya mizunguko kumi imezidi ile ya mwanzo mara 51. Hakuna betri, hakuna jua, hakuna udanganyifu wa mtu yeyote. Kwenye kioo mawimbi yanakua kama ya kusi, na kila wimbi lina namba zake.

Wapenzi wa ushairi wana istilahi za jambo hili tangu zamani. Mtunzi aliyepungukiwa na mizani hurefusha neno, na hiyo huitwa mazida. Aliyezidiwa hulifupisha, na hiyo huitwa inkisari. Njia ya Euler ni mazida katika kila mshororo. Iko pia njia ya pili, inayokisia kwa kutazama mwisho wa hatua badala ya mwanzo wake, nayo ni inkisari tupu: hatua zikiwa zile zile 100, saketi ile ile hufifia kwa kipimo kile kile, kana kwamba kuna ukinzani usiokuwapo. Tofauti ni kwamba mazida ya mshairi iko wazi. Anayesikiliza anajua kwamba silabi ile ni ya mizani na si ya maana, na hapana anayekwenda sokoni kuiuza. Mazida ya kompyuta haisemi jina lake.

Ni haki kuongeza kwamba programu zenye sifa njema ziliiacha njia hiyo zamani. SPICE hutumia kwa kawaida njia ya wastani wa mwanzo na mwisho wa hatua, ambayo katika saketi kama hii hutunza hesabu barabara. Lakini wengi wanaojitengenezea programu zao huanza na Euler kwa kuwa ni rahisi. Na hata katika zile kubwa kuna milango mingine. Kapasita inaweza kuanzishwa ikiwa imekwisha kujazwa, na aliyeijaza asiandikwe popote. Swichi inaweza kufunguka na kufunga bila ya kutumia chochote. Inaweza kuwekwa chemchemi ya umeme inayotii mlinganyo wowote ulioandikwa na mchoraji, nayo hutoa bila ya kuulizwa inatoa wapi.

Mlango wa koili tatu una mafunzo yake, kwa sababu aupitaye huenda hana kosa machoni pake. Koili mbili zikikaa karibu, sumaku ya moja huigusa nyingine, na kiasi cha kugusana huko huandikwa kwa namba kati ya sifuri na moja. Mchoraji huandika: ya kwanza na ya pili, 0.9; ya pili na ya tatu, 0.9, ya kwanza na ya tatu, sifuri. Kila namba peke yake ni halali. Zikikutana, hazimkiniki. Ni kama kusema kwamba Asha habanduki kwa Mwana, na Mwana habanduki kwa Zuhura, lakini Asha na Zuhura hawajapata kukaa chumba kimoja. Programu isiyokagua itazipokea, na ndani ya koili hizo patakuwa na akiba ya nishati iwezayo kushuka chini ya sifuri: deni lisilo na mdai, ambalo mtu aweza kuchota kwake mpaka achoke.

Upo pia ujanja wa wastani, ambao mara nyingi si ujanja bali ni kutojua. Rezista ya omu 100 ikipigwa na volti 100 kwa sehemu moja tu ya kumi ya wakati, wastani wa volti ni 10 na wastani wa mkondo ni moja ya kumi ya ampea. Ukizidisha wastani kwa wastani unapata wati 1. Nguvu ya kweli inayopita, ikihesabiwa nukta kwa nukta, ni wati 10. Anayepima kiingiacho kwa hesabu ya kwanza na kitokacho kwa hesabu ya pili amezaa wati 9 kwa kalamu yake.

Watetezi wa saketi hizi wana hoja moja ambayo haifai kupuuzwa. Husema kwamba programu imefungwa ndani ya kanuni za vitabu, ilhali wao wanatafuta kanuni isiyokuwa bado vitabuni; historia ya elimu imejaa mambo yaliyokataliwa leo yakapokewa kesho. Hoja hiyo ina uzito, ingawa bei yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa: mwaka 1918 Emmy Noether alionyesha kwamba kuhifadhika kwa nishati kunafungamana na kule kutobadilika kwa kanuni za maumbile kwa kupita kwa siku, na anayetaka kuliondoa la kwanza ajiandae kuligusa la pili. Tuseme yuko tayari. Hata hivyo hoja yake imemnyang'anya shahidi wake. Kama programu haiijui hiyo kanuni mpya, basi haikuweza kuionyesha. Na ziada iliyoonekana kwenye kioo haikutoka kwenye kanuni hiyo. Haiwezekani mtu amlete shahidi mahakamani, amwambie kadhi kwamba shahidi huyu hakuwapo na hajui lolote juu ya kisa, kisha adai hukumu kwa maneno yake. Mwamba ngoma huvutia kwake. Na hapa ngozi imevutwa pande mbili kwa mkupuo mmoja.

Zamani palihitajika mdanganyifu. Mwaka 1812 Charles Redheffer aliwatoza watu wa Philadelphia kiingilio wakaione mashine yake isiyosimama, na mwaka uliofuata akaipeleka New York. Huko ilitazamwa na Robert Fulton, yule wa meli za mvuke. Inasimuliwa kwamba Fulton aliijua kwa sikio: mwendo wake haukuwa sawa, ulikuwa na kule kupanda na kushuka kwa kitu kinachozungushwa na mkono wa binadamu. Vibao vilibanduliwa, ukaonekana mkanda wa utumbo wa mnyama uliopita ukutani, na mwisho wa mkanda, katika chumba cha darini, mzee mmoja akizungusha mpini. Katika saketi ya kuigizwa mzee yule yuko vile vile darini, ila hakuna aliyemkodi. Ni vipande vya wakati, ni namba tatu zisizopatana, ni wastani uliozidishwa kwa wastani. Na ndiyo maana jambo hili ni zito kimaadili kuliko lile la Redheffer. Redheffer alijua. Huyu wa leo hajui, na hakuna anayemzuia kujua isipokuwa yeye.

Mwaka 1877 mwanahisabati Mwingereza William Clifford aliandika juu ya maadili ya kuamini, na mfano aliouweka mbele ni wa watu wa baharini. Mwenye meli anataka kuisafirisha meli yake kuukuu, imejaa wahamiaji. Anajua kwamba imezeeka na imetiwa viraka mara nyingi. Shaka inamsumbua, anaishinda. Anajikumbusha kwamba imevuka dhoruba nyingi, kwamba Mungu hawatupi watu maskini waendao kutafuta riziki, na kwamba si vizuri kuwadhania mafundi mabaya. Mwisho anaamini kwa moyo safi kabisa. Meli inazama, naye anapokea fedha za bima. Clifford anashikilia kwamba mtu huyo ana hatia ya vifo vile, na kwamba hatia hiyo isingepungua hata tone lau meli ingefika salama. Kilichomtia hatiani si kuzama kwa meli wala uongo, kwani hakusema uongo. Ni namna alivyoipata imani yake. Aliipata kwa kuizima shaka, badala ya kwenda kuikagua meli.

William James, Mmarekani, alimjibu mwaka 1896. Alisema yako mambo ambayo mtu ana haki ya kuyaamini kabla ya ushahidi, kwa kuwa ushahidi hauwezi kuyakata, na kungoja nako ni kuchagua. Urafiki, kwa mfano, hauanzi bila ya kuaminiana kwanza. Ni jibu zuri, na huenda katika mambo ya moyo James ndiye aliye karibu na haki. Ila alijiwekea mpaka mwenyewe: haki hiyo ni ya pale ushahidi usipoweza kukata shauri. Saketi haimo humo. Nishati hupimika.

Na abiria wa meli hii wapo. Kampuni ya Steorn ya Dublin ilitangaza mwaka 2006, kwa ukurasa mzima wa jarida la The Economist, kwamba imepata nishati ya bure kwa sumaku, ikawaita wataalamu waje kuijaribu. Mwaka 2009 jopo la wataalamu hao lilisema kwa kauli moja kwamba halikuonyeshwa uzalishaji wowote wa nishati. Kampuni ilikuwa imekusanya mamilioni ya yuro za wawekezaji. Kama viongozi wake waliamini au hawakuamini, hilo Clifford angeliweka kando.

Abiria wengine hawana hisa, wana haja tu. Watu wa visiwani hawahitaji kuelezwa utamu wa ndoto hii. Unguja ilikosa umeme kutoka Bara kwa takriban mwezi mzima mwaka 2008, na tena kwa miezi mitatu kuanzia Disemba 2009. Wenye uwezo wakawasha jenereta, wasio nao wakarejea kwenye taa za mafuta, na maji ya bomba yakawa shida. Aliyekaa gizani miezi mitatu hana sababu ya kumcheka anayetafuta umeme usio na waya wa kukatika. Lakini ndiye hasa anayeumizwa na habari njema isiyokaguliwa, maana tajiri akinunua ndoto hupoteza akiba, na maskini akiinunua hupoteza mtaji wa biashara yake.

Hilo lilikwisha kuonekana Paris. Mwaka 1775 Chuo cha Sayansi cha huko kiliamua kutopokea tena andiko lolote lenye kudai mwendo wa milele. Katika sababu zilizotolewa, moja haikuwa ya kisayansi kamwe: kwamba utafiti huo umezifilisi familia, na kwamba mafundi ambao wangeweza kuwa na manufaa makubwa wamemaliza humo mali zao, wakati wao na vipaji vyao. Uamuzi huo umelaumiwa kwa kiburi, na kufunga mlango hakupendezi popote. Lakini ukisomwa kwa utulivu una huruma ndani yake.

Wala si kweli kwamba aliyekubali kutowezekana kwa jambo hili alikaa bila ya kazi. Simon Stevin wa Nchi za Chini, mwaka 1586, aliwaza mkufu wa tufe 14 uliotundikwa juu ya kabari yenye miteremko miwili isiyolingana. Ungejivuta wenyewe, ungezunguka milele, hilo haliwi, basi umetulia, na kutokana na kutulia huko akapata kanuni ya uzito juu ya mteremko. Sadi Carnot, mwaka 1824, alianzia kwenye katazo hilo hilo akafikia mpaka ambao hakuna injini ya joto inayoweza kuuvuka. Wawili hao walichuma katika shamba ambalo wengine walililia.

Kwa hiyo haifai kuilaumu programu. Kwa upande mmoja ni rehema ambayo mafundi wa Paris hawakuipata: mwenye ndoto anaweza kuijaribu kabla ya kuuza shamba kwa ajili ya shaba na sumaku, na akijua amekosea hakupoteza ila usiku mmoja. Yote yanategemea afanyacho baada ya mstari kupanda. Kuna anayepiga picha ya kioo na kuisambaza. Na kuna anayerudi nyuma, akamwuliza kila kiungo kimepokea nini na kimetoa nini, kisha akazipunguza hatua za wakati. Katika ile saketi ya koili na kapasita, mzunguko ukigawiwa hatua 200 badala ya 100, ongezeko la kila mzunguko hushuka kutoka asilimia 48 hadi 22. Ukigawiwa hatua 1,000, hushuka hadi asilimia 4. Kazi hiyo huchukua dakika chache, na umeme inaotumia kompyuta wakati huo unasomwa kwenye mita kama kawaida.